Kengele ya Mzee Msumeno

Waliomwita Mzee Msumeno hawakumtania. Karibu maisha yake yote ya kazi aliyamaliza kwenye kiwanda cha kupasua mbao, amesimama mbele ya msumeno wa duara uliolia kutoka asubuhi mpaka jioni. Enzi hizo hakuna aliyevaa vizibo vya masikio. Aliyevaa angeonekana anajidekeza. Mzee alistaafu na vidole vyake vyote, jambo ambalo wenzake walimwonea wivu. Masikio ndiyo aliyoyaacha kule. Hayakuondoka kwa mkupuo. Zilianza kupotea sauti za ndege, zikafuata za watoto, halafu simu, na miaka michache baada ya kumzika mkewe hata mlango ukibamizwa nyuma yake alikuwa hageuki.

Alikuwa na watoto wawili. Mkubwa alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na mdogo, binti, aliitwa Waya na kila mtu kwa sababu tangu utotoni haikupita siku bila kufungua redio ya mtu aone nyaya zake. Waya alikua, akasoma, akaajiriwa kuangalia mitambo ya kompyuta ya chuo kimoja mjini. Jina halikubadilika.

Mama yao alipougua, kaka alikuwa na mzigo ng'ambo ya mpaka, foleni haisogei na simu haishiki. Habari zilimfikia wakati mama ameshalala kaburini. Aliendesha gari bila kupumzika, akafika nyumbani siku ya tatu baada ya mazishi, akagonga mlango wa mbele. Mzee alikuwa sebuleni. Siku zile bado alikuwa anasikia.

Waya aliinuka kwenda kufungua.

"Kaa," baba yake alimwambia.

Akakaa. Kaka aligonga mpaka majirani wakatoka nje kutazama. Alimwita baba, akamwita Waya, kisha sauti ikakoma, na injini ya lori ikasikika ikiwaka. Hawakuzungumzia jambo hilo, wala siku ile wala miaka mingi iliyofuata. Waya na kaka yake waliendelea kupigiana simu, lakini kaka hakukanyaga tena nyumbani, akaoa na kupata watoto huko huko alikohamia.

Mzee alianza kulainika polepole, kwa njia zake za kuzunguka. Alikuwa anasoma midomo. Ukikaa mbele yake na kusema bila haraka, mnaelewana. Siku moja, akiwa anapiga randa mguu wa kiti kwenye karakana yake ndogo ya uani, alimuuliza Waya, "Yule dereva yuko upande gani siku hizi?"

"Dereva gani, Baba?"

"Kwani nyumba hii imezaa madereva wangapi?"

Waya akamjibu. Mzee akaitikia kwa kichwa kana kwamba ameambiwa bei ya misumari, akaendelea na randa yake. Wiki iliyofuata akauliza tena.

Kengele ilitokana na maji. Msomaji wa mita alikuja mara kadhaa, akagonga mlango wa mbele, hakuna aliyemfungulia, akaandika kwamba nyumba haina watu. Maji yakakatwa. Mama Pindo, fundi cherehani wa nyumba ya jirani, alicheka mpaka akajishika ubavu.

"Sisi tunaopita mlango wa uani tunamkuta kila siku," alisema. "Mgeni ndiye anayekufa njaa pale mbele."

Waya aliamua kulimaliza tatizo. Alichukua kompyuta ndogo isiyo na kioo, iliyokuwa imetupwa stoo ya chuo, akaiwekea Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, akaibandika juu ya kabati la sebuleni. Nje ya mlango wa mbele aliweka kitufe. Ndani, juu ya mlango ule ule, alifunga taa ya rangi ya machungwa, inayowashwa na kiswichi kidogo kilichochomekwa kwenye kompyuta kwa kebo. Mtu akibonyeza kitufe, programu ya Waya inapata habari, inaamrisha kiswichi, na taa inawaka na kuzima mpaka Mzee aione.

Alipoijaribu mara ya kwanza aliiendesha programu kwa mkono wake mwenyewe, na taa ikawaka vizuri. Lakini hakutaka kuja kuiwasha kila siku. Aliigeuza iwe huduma inayojiendesha yenyewe nyuma ya pazia, kompyuta ikiwaka nayo inaanza, bila mtu kukaa mbele yake. Na kwa kuwa kazini walimfundisha kutoipa programu madaraka zaidi ya inayoyahitaji, aliifungulia akaunti yake peke yake, akaunti fukara isiyoweza kuharibu kitu. Akabonyeza kitufe. Taa haikuwaka. Kompyuta iliandika maneno anayoyajua kila mtu wa kazi yake: ruhusa imekataliwa.

Hakushtuka. Katika Linux kila kifaa kilichochomekwa huonekana kama faili, na kila faili ina mwenyewe na watu wanaoruhusiwa kuigusa. Waya alikuwa anaruhusiwa kukigusa kile kiswichi. Huduma yake haikuruhusiwa. Aliandika amri moja ya kufungua ruhusa, akabonyeza tena, na taa ikawaka. Mzee akapiga makofi. Akamtuma Mama Pindo azunguke mbele abonyeze, akamtuma tena, na mara ya tatu Mama Pindo akasema yeye ana nguo za watu za kushona.

Waya alijua kwamba ruhusa iliyofunguliwa kwa mkono haidumu. Kompyuta ikizimika na kuwaka, au kifaa kikichomolewa na kuchomekwa, faili inatengenezwa upya na ruhusa inarudi ilivyokuwa. Dawa yake ni kuandika kanuni ya kudumu, mstari mmoja tu, unaouambia mfumo kwamba kifaa hiki kila kinapoonekana kiwe chini ya kundi fulani, na huduma iwekwe kwenye kundi hilo. Alikuwa ameshaanza kutafuta namba za utambulisho wa kile kiswichi simu ilipoita. Mitambo ya chuo ilikuwa imekwama, na wanafunzi walikuwa wanasajili masomo.

"Nitaimalizia Jumamosi," alimwambia baba yake.

"Umalizie nini tena? Si inawaka?"

Jumamosi alikuja, akaikuta inawaka. Wakala pamoja, akamsaidia Mzee kubadilisha bomba la jikoni, jioni akarudi kwake. Kitu kinachofanya kazi hakidai, na kazini kulikuwa na vingi vinavyodai.

Furaha ya kengele ile ndiyo iliyompa Waya ujasiri wa kumpigia kaka yake.

"Anakuulizia," alimwambia.

"Ananiulizia kwa jina?"

"Anasema 'yule dereva'."

Kaka alicheka kidogo. "Basi hajabadilika."

"Amebadilika, Kaka. Njoo. Hasikii siku hizi, ukigonga unajisumbua bure, lakini nimemwekea kengele ya taa pale mbele. Bonyeza tu, atakufungulia. Mimi nakwambia atakufungulia."

"Hasikii hata kidogo?"

"Kidogo sana," Waya alisema, kwa sababu hakutaka kaka yake aingiwe na hofu ya kuja kumkuta baba aliyeisha. Neno hilo nalo alikuja kulijutia.

"Nitafikiria," kaka alisema.

Baada ya hapo simu zake zikaanza kuita bila kupokelewa. Waya alidhani yuko safarini. Alituma salamu kwa wifi yake, zikajibiwa kwa ufupi. Msimu ukapita. Mzee aliacha kuulizia dereva, na Waya hakujua kama amekata tamaa au anaona aibu.

Siku kaka alipopokea, Waya alikuwa kazini, amesimama kwenye chumba chenye baridi cha mitambo. Ilibidi atoke nje kwenye korido ili asikie vizuri.

"Umepotea wapi? Ulisema utafikiria."

"Nilifikiria," kaka alisema. "Nikaja."

"Ulikuja wapi?"

"Nyumbani. Nilibonyeza hiyo kengele yako."

Kaka yake alikuwa anazungumza taratibu, bila hasira, kama mtu anayesimulia ajali ambayo majeraha yake yameshafunga.

Alisema alifika jioni, giza linaanza kuingia. Hakutaka kupita uani kama mtoto wa nyumba, maana hakujua kama bado ni mtoto wa nyumba. Alisimama mbele, akabonyeza. Taa za sebuleni zilikuwa zinawaka, na kupitia dirishani alimwona baba yao waziwazi, amekaa mezani anapaka gundi kitu fulani cha mbao. Alibonyeza tena. Alikuwa amenunua shati jipya kwa ajili ya siku ile.

"Akainua uso," kaka alisema. "Akatazama moja kwa moja mlangoni. Waya, alitazama kwa muda, si kwa bahati mbaya. Halafu akainama, akaendelea na gundi yake. Nikabonyeza mara ya mwisho, akainua uso tena, akatazama tena, akainama tena. Nikajua nimepata jibu langu la pili."

"Hakukuona, Kaka. Ndani kuna mwanga, nje kuna giza. Hawezi kuona mtu."

"Na kengele? Na si ulisema anasikia kidogo?"

Waya aliikumbuka ile kanuni ya mstari mmoja ambayo hakuiandika.

"Nimepata kazi nje," kaka alisema. "Mkataba mrefu. Tunaondoka wote, na watoto. Nilipokea simu ili nisikufiche."

Waya aliomba ruhusa kazini, akaenda nyumbani moja kwa moja. Mzee alikuwa karakana, hakujua kama kuna mtu ameingia. Waya akapanda kwenye kiti, akaishusha ile kompyuta, akaiunganisha na kioo. Kumbukumbu za huduma zilikuwa wazi. Umeme ulikatika mtaani wiki chache tu baada ya yeye kuifunga. Uliporudi, kompyuta iliwaka yenyewe, huduma ikajaribu kukifungua kiswichi, ikakataliwa, ikajaribu tena na tena, kisha ikaacha, kama ilivyoelekezwa. Haikuwa na pa kulalamikia. Mama Pindo alikuwa anapita uani, Waya alikuwa na ufunguo, na msomaji wa mita alishapewa namba ya simu ya jirani. Tangu umeme ule ukatike, pengine kaka peke yake ndiye aliyebonyeza kitufe.

Aliandika ile kanuni. Mstari mmoja. Akaiweka huduma kwenye kundi lake, akachomoa kifaa na kukichomeka, akaizima kompyuta na kuiwasha, kama alivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Kisha akatoka nje, akabonyeza kitufe ili ahakikishe.

Mlango ulifunguliwa upesi kuliko alivyotarajia. Mzee alikuwa ameingia sebuleni kuchukua miwani, akaiona taa. Alisimama pale mlangoni akiwa na vumbi la mbao kwenye nyusi, shati amelifunga vifungo haraka haraka, kimoja kimerukwa, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho Waya hakuwahi kukiona tangu mama yao alipokuwa hai. Kisha kikazimika.

"Kumbe ni wewe," alisema.

"Ni mimi, Baba."

"Kwa nini usipite uani?"

Waya alimshika mkono, akamkalisha mezani, akakaa mbele yake ili aione midomo vizuri. Alimweleza yote: umeme, ruhusa, ile Jumamosi, halafu kaka na shati lake jipya. Kuna sehemu ilibidi azirudie, si kwa sababu Mzee hakuzielewa.

"Alisema nilimtazama?"

"Alisema uliinua uso mara mbili."

Mzee alinyanyua macho, akaitazama taa iliyokuwa juu ya mlango, na Waya akaelewa kabla hajaambiwa.

"Naitazamaga," Mzee alisema. Sauti yake, kama ya viziwi wengi, ilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia. "Kila nikikaa hapa naitazama. Nasema, labda imewaka sikuiona."

Waya alianza kulia. Alisema kosa ni lake, lilikuwa jambo la dakika chache, alijua na akaacha. Mzee alimwacha amalize.

"Hiyo kompyuta yako," alisema mwishowe, "isingemdanganya mtu, kama mimi nisingekuwa nimeanza kumfungia mlango. Angekuwa mtoto wa mtu mwingine, angesema, kengele mbovu, ngoja nizunguke uani." Akafuta meza kwa kiganja ingawa haikuwa na kitu. "Tunaenda lini?"

Walipanda basi kesho yake asubuhi. Nyumba ya kaka ilikuwa nusu tupu. Makochi yalikuwa yameshauzwa na masanduku yamepangwa ukutani. Wifi aliwakaribisha kwa adabu zote. Watoto walisimama kwa mstari.

"Shikamoo, mzee," alisema mkubwa wao.

"Ni babu yenu," wifi alisema.

"Shikamoo, babu," walirudia, kwa sauti moja, kama darasani.

Kaka aliingia kutoka dukani na mkate mkononi. Alikuwa amenenepa kidogo, kichwani mvi zimeanza. Alimwamkia baba yake akiwa ameinama, na kwa kuwa ameinama Mzee hakuona amesema nini. Walikaa kwenye viti vya plastiki. Waya alieleza habari za kiswichi na ruhusa. Alijitahidi kutumia maneno mepesi, lakini kadiri alivyoendelea ndivyo maelezo yalivyosikika kama hadithi ya kutungwa njiani.

"Kwa hiyo ni kompyuta iliyonifungia mlango," kaka alisema.

"Ni mimi, Kaka. Kompyuta ilifanya nilivyoiacha."

"Sawa. Nimeelewa." Alisema kwa upole, kama anavyomjibu askari wa barabarani.

Mzee alikuwa anamtazama mwanawe midomoni wakati wote huo. Akanyanyua mkono, Waya akanyamaza.

"Mara ya pili sikukusikia," Mzee alisema. "Hilo dada yako ameshalieleza. Mimi nimekuja kwa ile ya kwanza. Ile ya kwanza nilikusikia, mwanangu. Nilikusikia vizuri. Uliniita, nikakaa."

Watoto waliacha kuchezea vishikio vya masanduku. Kaka aliutazama ule mkate magotini mwake.

"Najua, Baba."

"Mama yako hakukulaumu. Alisema, 'Yuko njiani.' Mimi ndiye niliyetaka mtu wa kumlaumu."

"Hukuniambia hilo."

"Sikukuambia."

Kaka aliinuka, akaenda dirishani, akasimama huko akiwapa mgongo. Alisema kitu. Waya alimsikia: alisema angekuwa amelijua hilo, asingeitafuta kazi ya nje. Mzee alimgeukia binti yake apate kuambiwa, na Waya, kwa mara ya kwanza tangu baba yake aache kusikia, hakumtafsiria. Alitikisa kichwa tu, kama kusema si kitu.

Hata hivyo jioni hiyo walikula pamoja. Mtoto mdogo alikuja akakaa karibu na babu yake, akamwonyesha gari la kuchezea lililovunjika ekseli ya magurudumu, na Mzee akalitengeneza kwa kijiti. Walicheka mara moja au mbili. Lakini Waya aliona jinsi kaka yake asivyojua kuzungumza na kiziwi: anageuza uso katikati ya sentensi, anaongea huku anatafuna, anainama. Si kwamba hataki. Hayo ni mambo watu huyajifunza kwa kukaa pamoja, na miaka ya kujifunza ilikuwa imeshapita. Tiketi zilikuwa zimeshakatwa, mkataba umeshasainiwa, nyumba imeshapata mpangaji.

Asubuhi kaka aliwasindikiza stendi. Alibeba begi la Mzee yeye mwenyewe, akahakikisha wamekaa upande usio na jua. Alimkumbatia baba yake mlangoni mwa basi, kwa muda, kidevu juu ya bega la mzee, na akiwa hivyo akasema maneno kadhaa. Waya alikuwa ameshapanda. Kupitia kioo aliona mdomo wa kaka yake ukicheza nyuma ya shingo ya baba, mahali ambapo baba hawezi kuuona. Mzee alikuwa anaitikia kwa kichwa, anampigapiga mwanawe mgongoni, anaitikia tena.

Waya alifungua dirisha. "Kaka, mwambie usoni. Rudia, mwambie usoni."

Kondakta alikuwa anapiga bodi ya basi. Kaka alimtazama dada yake, akapangusa macho kwa mkono wa shati.

"Basi linaondoka," alisema. "Mpandishe."

Walipokuwa barabarani Mzee aliweka mikono juu ya magoti. Mji ulipoisha alimgusa Waya begani.

"Alisema nini pale mwisho?"

"Sikusikia, Baba."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Mzee aligeukia dirisha. "Yalikuwa mengi," alisema. "Niliyahisi kifuani."

Kaka aliondoka na familia yake baada ya wiki mbili. Siku hizi hupiga simu ya video siku za Jumapili, na Waya amemfundisha kukaa penye mwanga na kusema polepole. Mara nyingi wanazungumzia hali ya hewa na shule za watoto. Wakati mmoja, Mzee akiwa ameenda uani, Waya aliuliza alichosema siku ile stendi.

Kaka aligeuza uso pembeni.

"Mambo ya kawaida tu," alisema. "Sikumbuki vizuri."

Kisha Mzee akarudi na kukaa mbele ya simu, na kaka akaanza kumuuliza, polepole, huku amemwelekezea uso, iwapo mvua zimeshaanza.